Ujumbe Ulioishia kwenye Nukta Mbili

Ukifika Kitale ukaulizia mama wa kompyuta, watu hawatakutajia jina. Watakuambia upande ngazi zilizo kando ya duka la dawa za mifugo, na ukisikia mtu anagombana peke yake huko juu, basi umefika. Huyo ndiye Nasike. Hagombani na mtu, anagombana na mashine, tena kwa Kibukusu, maana anasema akiiambia kwa Kiswahili inajifanya haisikii. Wateja wameshamzoea. Wanakaa kwenye benchi wanamngoja amalize ugomvi wake, kisha wanamweleza shida zao.

Kazi yake ni kuandika programu. Usifikirie zile kubwa za mabenki, la. Zake ni ndogo ndogo za watu wa kawaida: ya kupanga ratiba ya shule, ya kujua magunia mangapi yamebaki ghalani, ya kuwaambia akina mama wa sokoni kwamba vitunguu vya Uganda vimevuka mpaka wa Suam. Lakini iliyompa jina ni ile ya kutuma ujumbe. Katibu wa kikundi anakaa kwenye kompyuta ya ofisi, anaandika ujumbe, anachagua wa kupelekewa, awe mtu mmoja au wanachama wote, anabonyeza, na muda si muda simu zinalia huko nyumbani, hata zile mulika mwizi za wazee, zile ndogo zenye tochi. Vyama vya maziwa vya huko mlimani Elgon viliipenda. Makanisa nayo yaliipenda, na mojawapo lilikuwa kanisa la kwao Nasike, huko Kanduyi.

Hiyo programu ilikuwa na historia yake, na ni lazima uijue kidogo ndipo uelewe yaliyotokea. Kompyuta, ukitaka isome maandishi ya watu isiyachanganye na amri zake yenyewe, unayafunga kati ya alama mbili. Alama ya kwanza inaiambia hapa maneno yanaanza, ya pili inaiambia yameisha. Mwanzoni Nasike alifungia kwa ritifaa, ile alama moja inayoning'inia juu. Akajaribu kwa majina ya kwao, akina Wekoye na Sifuna, ikaenda sawa, akajipongeza. Siku ya kwanza kabisa chama cha maziwa kinaitumia, wafugaji mlima mzima wakapata ujumbe unaosema, "Kesho leteni ng." Basi. Mashine ilikutana na ritifaa ya katikati ya ng'ombe ikaona maneno yamekwisha, ikafunga virago. Watu walicheka wiki nzima, wakawa wakikutana na Nasike sokoni wanamuuliza bei ya ng.

Sasa, kuna njia ya kurekebisha jambo hilo sawasawa, na Nasike aliijua, maana alikuwa ameisoma. Lakini ilikuwa msimu wa kazi nyingi, akakata kona. Akaziondoa ritifaa, akafungia maneno kwa zile alama mbili mbili za usemi, akijiambia kwamba hakuna mkulima atakayehangaika kuandika alama za usemi kwenye ujumbe wa chanjo. Na kweli hakuna aliyehangaika. Ng'ombe wakapita, akina Ng'etich na Lang'at wakapita, mwaka ukaisha, wa pili nao ukaisha. Nasike akaisahau kabisa ile kona aliyoikata.

Tuache mashine kidogo, twende Kanduyi.

Baba yake Nasike, Mzee Eliakim Wabwile, alikuwa mkalimani wa mahakama hadi alipostaafu. Shahidi akisema kwa lugha yake, yeye anamwambia hakimu kwa lugha ya mahakama, haongezi chumvi, hapunguzi. Na alikuwa na desturi yake mwenyewe, ambayo sijasikia mkalimani mwingine akiifanya. Shahidi akifika mahali pa kusimulia maneno ya mtu mwingine, Mzee Wabwile alikuwa anagonga ubao kwa kifundo cha kidole, anayatoa maneno hayo kama yalivyo, halafu anagonga tena. Kila mtu aliyekuwa ndani ya chumba kile akajua kwamba kati ya kugonga na kugonga maneno si ya shahidi wala si ya mkalimani, ni ya mwenyewe aliyeyasema.

Desturi hiyo aliileta mpaka nyumbani. Mkewe akimtuma kwa jirani amwambie jambo, mzee alifika langoni, akasalimu, akagonga nguzo, akatoa ujumbe neno kwa neno, akagonga tena, ndipo akaanza kuongea yake. Watoto walikuwa wakimwiga nyuma ya nyumba mpaka wanaanguka kwa kicheko. Nasike ndiye aliyemwiga vizuri kuliko wote, na siku moja mzee alimfuma akiwa katikati ya mchezo. Badala ya kumchapa, alimkalisha chini akamwambia kwamba maneno ya mtu ni mali yake, ukiyabeba uyafikishe mazima. Nasike alimpenda baba yake kwa mambo kama hayo, na alimpenda sana.

Ndiyo maana kilichotokea mama alipofariki kilimuuma kila mtu.

Kwao, mazishi yakiisha watoto wa nyumba hawatawanyiki. Wanakaa hadi siku ya kunyolewa nywele, ndugu wote wanaketi pamoja, maneno ya marehemu yanasemwa, nyumba inapangwa upya. Nasike alizika mama yake Jumamosi, na Jumapili asubuhi simu ikaanza kulia kutoka Kitale. Shule moja kubwa ilikuwa inatoa matokeo ya mtihani siku iliyofuata na programu yake ilikuwa imekwama, mwalimu mkuu amepandwa na wazimu. Nasike akamwambia shangazi yake kwamba anakwenda mara moja, jioni atakuwa amerudi. Jioni hakurudi. Kesho yake pia hakurudi. Alipofika, nywele zilikuwa zimekatwa, majivu ya moto wa matanga yamezolewa, na watu walikuwa wanaosha sufuria.

Mzee Wabwile hakupaza sauti. Alisimama mbele ya mashangazi na mashemeji, kichwa kikiwa kimenyolewa kinang'aa, akamwambia binti yake, "Mimi na wewe hatuna neno tena. Siku nikiwa nalo, utaletewa."

Akaingia ndani. Nasike akabaki amesimama uani na mkoba wa kompyuta begani.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Nasike alikuwa akituma salamu kupitia kwa Rispah, katibu wa kanisa, ambaye walisoma naye shule moja. Rispah alikuwa anazifikisha, mzee anaitikia kwa kichwa, hasemi kitu. Krismasi alituma blanketi, likapokelewa. Pasaka alituma miwani, ikapokelewa na ikavaliwa hata kanisani, lakini neno halikuja. Mara mbili alikwenda mwenyewe, akafika hadi karibu na uwanja wa michezo wa Kanduyi, miguu ikamwambia rudi, akarudi. Maana baba hakusema uje. Baba alisema utaletewa. Na kwa mtu kama Mzee Wabwile, kilichosemwa ndicho hicho. Kwa hiyo Nasike alingoja neno lake, na usidhani kwamba mtu mzima mwenye kazi na heshima mjini hawezi kungoja neno la baba yake kila siku inayokucha. Anaweza, na inachosha.

Basi mwezi wa pili mwaka huu, saa ya chakula cha mchana, Nasike amekaa na sahani yake ya githeri, simu ikalia. Akaona imetoka kanisa la Kanduyi. Akafikiri ni tangazo la harambee. Akafungua.

Ilisema: Nasike, baba yako anasema:

Hapo ndipo ilipoishia. Nukta mbili, halafu weupe mtupu.

Akaweka kijiko chini. Akangoja, kwa sababu ujumbe mrefu wakati mwingine huja vipande vipande. Githeri ikapoa. Akaenda kwenye mashine, akaangalia upande wa kutuma, na mashine ikamwonyesha vile inavyoonyesha kila siku: umetumwa, umefika. Hakuna kilichobaki njiani, hakuna kilichokataliwa. Na mashine ile, pamoja na magomvi yao yote, Nasike alikuwa anaiamini kuliko watu wengi anaowajua.

Akaanza kuusoma ujumbe kwa njia nyingine. Baba yako anasema, halafu hakuna kitu. Si ndivyo alivyomwambia pale uani? Hatuna neno. Kumbe sasa ameamua amletee hilo lenyewe, kimya chake, akimtumia katibu wa kanisa na programu ya binti yake mwenyewe, ili asiseme hakuletewa. Ilikuwa ni kali, lakini mzee alikuwa mkali. Nasike aliwaza kumpigia Rispah, akaishika simu, kisha akaona aibu kumuuliza rafiki yake kama ni kweli baba yake amesimama ofisini kwake na kuamuru apelekewe utupu. Akaiweka simu chini. Akalia pale pale kwenye kiti, mchana, mlango wazi, na mteja aliyekuwa kwenye benchi akajifanya anasoma kalenda ya mbolea ukutani.

Baada ya siku hiyo alibadilika. Si kwamba aliacha kazi, alizidisha. Ila hakugombana tena na mashine. Watu waliokuwa wakipanda ngazi walikuwa wanadhani hayupo.

Mvua zikaanza, watu wakapanda mahindi, mahindi yakaota. Salamu za Kanduyi Nasike akaziacha kutuma.

Mwezi wa tano, asubuhi moja, akapigiwa simu na Chepngeno, katibu wa chama kimoja cha maziwa cha huko juu, njia ya Endebess. Chepngeno ni mama mpole, mtani, hana haraka na kitu chochote duniani isipokuwa maziwa. Walisalimiana, wakaulizana habari za mvua, kisha Chepngeno akasema, "Sasa Nasike, huyu daktari wetu anasema nini?"

Nasike akauliza ni daktari gani, na anasema nini vipi.

"Si hiyo ndiyo nakuuliza mimi. Nimetumia watu ujumbe jana. Leo ofisi imejaa, kila mtu anauliza ati daktari anasema nini. Nikaangalia simu yao. Imeandika daktari wa mifugo anasema, halafu basi. Imenyamaza hapo."

Nasike akamwomba amsomee alivyoandika. Chepngeno akasoma polepole. Daktari wa mifugo anasema, nukta mbili, fungua alama za usemi, msinyweshe ng'ombe mtoni mpaka nipime yale maji, funga alama. Akaeleza kwa nini aliweka alama hizo: mara ya mwisho daktari alipokataza jambo, wafugaji walidhani ni Chepngeno ndiye anakataza, wakamjia juu. Safari hii alitaka ijulikane kwamba anayesema ni daktari mwenyewe, yeye amebeba tu. Lakini asiwe na wasiwasi, aliongeza, vijana wa bodaboda wamekwisha kupita na kipaza sauti, ng'ombe wako salama.

Nasike hakuwa anasikiliza tena habari za ng'ombe. Alikuwa amekwisha kufungua programu, na kona aliyoikata zamani ilikuwa inamtazama usoni. Mashine ilifunguliwa maneno kwa alama ya usemi. Ikasoma: daktari wa mifugo anasema. Ikakutana na alama ya usemi nyingine, ile ya Chepngeno, ya kufungulia maneno ya daktari. Nayo haikujua kwamba hiyo ni ya ndani. Ikadhani ni ile ya kufungia. Ikafunga, ikatupa yote yaliyofuata, ikaripoti kwa moyo mweupe kwamba ujumbe umefika.

Daktari wa mifugo anasema, nukta mbili.

Baba yako anasema, nukta mbili.

Chepngeno alikuwa anamwita kwenye simu, Nasike, Nasike uko, na yeye bado anaikodolea macho ile programu. Baba yake alikuwa amesema kitu. Miezi mitatu iliyopita, baada ya miaka mitatu ya kungoja, neno lilikuwa limetoka kinywani mwa Mzee Wabwile, likabebwa, likafika hadi mlangoni kwake, na mashine aliyoiandika yeye kwa mkono wake ndiyo iliyolila. Hata kulitafuta kwenye kompyuta ya kanisa haikufaa. Ile programu ikishatuma inafuta, ndivyo alivyoiagiza mwenyewe, kwa sababu siri za watu si za kuwekwa.

Alimwomba Chepngeno radhi, akamwambia asitumie alama hizo kwanza, kisha akampigia Rispah. Safari hii aibu haikumzuia. Akamuuliza moja kwa moja, siku ile ya mwezi wa pili, kama aliweka alama za usemi.

Rispah akasema, "Si mzee alikuwa anagonga meza, dada? Akigonga nafungua, anasema, akigonga nafunga. Mimi ningefanyaje?"

"Alisema nini, Rispah?"

Rispah akaeleza kwamba siku ile mzee aliuliza kama ujumbe umefika, naye akamwonyesha kwenye kompyuta, umefika. Jumamosi yake ilipopita bila Nasike kuonekana, Rispah alitaka kupiga simu, mzee akamkataza. Alisema binti yake ameletewa neno na amelisikia, asibembelezwe, na tena Rispah asilirudie kwa mtu.

"Kwa hivyo mimi siwezi kukuambia. Nilimwahidi. Lakini wewe kuja, Nasike. Kuja leo, kama unaweza."

Alipokuwa anafunga mkoba, simu ya shule ikaanza kulia, ile ile shule ya matokeo, mwalimu mkuu yule yule. Nasike akapokea, akamsikiliza, akamwambia atamshughulikia kesho kutwa. Mwalimu akasema haiwezekani. Nasike akasema pole sana mwalimu, kisha akaizima simu na kushuka ngazi.

Saa nane mchana alikuwa Kanduyi. Mvua ilikuwa imepita asubuhi, uwanja wa nyumbani ulikuwa na tope jekundu, mahindi yamefika kiunoni. Upande wa migomba ndipo alipolazwa mama yake, na Nasike aliangalia huko kwanza, kama mtoto yeyote angefanya. Kaburi lilikuwa bado udongo mtupu na msalaba wa mbao. Kando yake palikuwa na rundo la mchanga lililosambaratishwa na mvua, nyasi zimeota juu yake na kuku wanalichakura. Palikuwa na kokoto. Palikuwa na mawe ya kujengea yaliyochongwa, yamepangwa vizuri. Na chini ya kipande cha bati palikuwa na mifuko ya saruji, ambayo hata kutoka mbali ulijua imeganda, maana karatasi ilikuwa imechanika na saruji haikumwagika.

Hakuelewa. Akaendelea hadi barazani.

Mzee Wabwile alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha mbao, miwani ya Pasaka puani. Alikuwa amekonda. Nasike akamsalimu, "Mulembe, papa," na mzee akaitikia mulembe, akamwonyesha kigoda kwa kidevu. Hakuonyesha kushangaa wala kukasirika. Alikuwa anaonekana kama mtu aliyechoka.

Nasike hakuanza kwa kujitetea. Alimweleza baba yake kazi ya mashine tangu mwanzo, jinsi maneno yanavyofungwa kati ya alama mbili, jinsi Rispah alivyoweka alama pale mzee alipogonga, na jinsi mashine ilivyozichukulia alama hizo. Alitoa simu, akamwonyesha ule ujumbe. Alikuwa hajaufuta. Mzee akausoma, akausogeza mbali, akausoma tena.

Alikuwa ni mtu aliyesikiliza ushahidi maisha yake yote, na aliusikiliza huu namna hiyo hiyo, bila kuingilia. Mwishowe akauliza, "Yaani ilipofika mahali ninapoanza kusema mimi, ikaona shahidi amemaliza?"

"Ndiyo, papa."

"Na wewe ndiye uliyeifundisha."

"Ni mimi."

Mzee akamrudishia simu. Akasema hiyo ni mkalimani mbaya, hangekaa mahakamani hata wiki moja. Akauliza kama inaweza kufundishwa vizuri. Nasike akasema inaweza, ni jambo dogo sana, na ndiyo maana linauma: kila alama ya ndani inatanguliwa na kistari kidogo kilichoegemea nyuma, na mashine inaambiwa ikikutana na kistari hicho ijue kwamba alama inayofuata si yake, ni ya maneno ya mtu, iipitishe ilivyo na iendelee kusoma.

Mzee akakitazama kifundo cha kidole chake. "Kumbe hata hiyo inagongewa," akasema.

Maji ya mvua yalikuwa bado yanadondoka kwenye ukingo wa bati. Nasike akajikaza, akamwambia baba yake kwamba neno alilomtumia halikufika, na kwamba hana haki ya kuomba lirudiwe, lakini analiomba.

Mzee Wabwile akavua miwani. Akaugonga mkono wa kiti.

"Nasike. Jumamosi tunamjengea mama yako. Jiwe la kwanza ni la mkono wako. Sitaanza kabla hujafika."

Akagonga tena.

Nasike akageuka akautazama mchanga. Sasa aliyaona yote vizuri: mafundi waliofika asubuhi ile ya Jumamosi wakakaa na miiko yao ya kujengea, chai ikanywewa, jua likapanda, mzee akiangalia njia. Baadaye aliambiwa na kaka yake, Sifuna, kwamba mafundi walingoja mpaka alasiri, na kwamba ndugu wote walimsihi mzee waanze tu, huyo hatakuja. Mzee alikataa. Mvua zilipokaribia wakamsihi tena, saruji itaharibika. Akakataa. Watu wakasema uzee umemwingia. Rispah peke yake ndiye aliyejua kwa nini, naye alikuwa amefungwa mdomo.

"Ungeanza tu, papa," Nasike akasema. "Ulidhani nimekataa. Ungeanza tu."

"Nilikuwa nimekwisha kusema," mzee akajibu.

Nasike aliinama akalia, na baba yake akamwacha alie. Alipomaliza, mzee akainuka, akachukua fimbo, wakaenda pamoja hadi kwenye migomba. Kuku wakatawanyika. Mzee akachagua jiwe kwa fimbo, akakataa la kwanza, akakataa la pili, la tatu akasema hilo. Lilikuwa zito, na tope likamjaa Nasike kwenye mikono na sketi. Akauliza aliweke wapi. Mzee akamwambia upande wa kichwa. Akaliweka pale, bila saruji, akalikandamiza kwenye udongo laini mpaka likatulia, na akabaki amepiga magoti huku mkono wake ukiwa juu ya jiwe.

Alilala nyumbani siku ile na iliyofuata. Hakuna aliyemwambia akae, lakini hakuondoka. Walikaa na baba yake, wakasema maneno ya mama, yale ambayo yalisemwa siku ya kunyolewa yeye hayupo. Mzee aliyakumbuka yote, nani alisema nini, naye aliyatoa moja moja, akigonga na kugonga.

Aliporudi Kitale, kazi ya kwanza ilikuwa ile. Mistari michache tu, na ilimchukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Kila alama ya usemi ya ndani ikapewa kistari chake mbele. Ritifaa haikuhitaji kitu, siku hizi haimfungi mtu. Akafikiria mbele kidogo, maana sasa alikuwa hakati kona: je, siku mtu akiandika kistari chenyewe? Akakiwekea kistari mwenzake. Akamjaribia Chepngeno, ambaye alijibu kwamba leo daktari amesema mpaka mwisho, na bado anasema. Wale waliokuwa wanapanda ngazi wakasikia mtu anagombana kwa Kibukusu, wakajua mambo yamerudi kuwa mambo.

Alhamisi, saa ya chakula cha mchana, simu ikalia. Kanisa la Kanduyi. Nasike hakuifungua upesi. Alipangusa mikono, akaketi, ndipo akafungua.

Ilisema: Nasike, baba yako anasema: "Saruji mpya imefika. Jumamosi asubuhi. Usipokuwepo hatutaanza."

Aliisoma hadi alama ya mwisho, ile ya kufungia. Akamwonyesha mteja aliyekuwa kwenye benchi, mgeni kabisa, ambaye aliisoma kwa adabu na kusema ni vizuri, bila kujua anasifu nini.

Ijumaa adhuhuri alifunga mlango, akawaambia waliokuwa kwenye benchi warudi Jumatatu.